Yale Ambayo Utepe wa Mashine ya Hesabu Hauyasemi

Makarani wawili wakipewa ankara zilezile tatu na mashine mbili zilizotoka kiwanda kimoja, wanaweza kuleta majibu mawili tofauti ilhali wote wamebonyeza vitufe sawasawa. Tuseme kila ankara ni ya shilingi 1,225, na kila moja inatozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kodi ya ankara moja ni shilingi 220 na senti 50. Mashine ya karani wa kwanza itaandika 221 mara tatu, jumla 663. Ya karani wa pili itaandika 220 mara tatu, jumla 660. Mkuu wao akijumlisha ankara zote kwanza ndipo atafute kodi, hesabu kamili ni 661.50. Hakuna aliyekosea tarakimu hata moja. Kilichowatenganisha ni swichi ndogo ya kusogeza iliyo juu ya vitufe: mmoja aliikuta kwenye 5/4, mwingine aliikuta kwenye mshale unaoelekea chini.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya mezani yenye roli ya karatasi mgongoni, ambayo kila unachoingiza inakichapa kwenye utepe wa karatasi. Iko kwa wahasibu, kwenye maduka ya jumla, kwenye vyumba vya kuhesabia sadaka na kwenye ofisi za vyama vya akiba na mikopo. Kompyuta imeikuta na haijaiondoa, kwa sababu inaacha ushahidi. Mkaguzi wa hesabu anaushika utepe mkono mmoja, rundo la vocha mkono wa pili, akalinganisha mstari kwa mstari bila kuwasha kitu chochote. Naipenda kwa hilo, na ndiyo maana upungufu wake unanisumbua. Utepe unaandika namba na alama. Hauandiki swichi zilikuwa wapi. Anayeusoma wiki mbili baadaye anaona matokeo ya maamuzi ambayo yenyewe hayaonekani, na mara nyingi hata aliyebonyeza hakujua kwamba kuna maamuzi yaliyokwisha kufanywa kabla ya tarakimu yake ya kwanza.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hauna swichi. Umejengwa ndani ya mashine. Tazama kitufe cha kujumlisha. Kama kimebeba alama mbili pamoja, +=, na cha kutoa kimebeba −=, mashine hiyo inafuata utaratibu wa zamani: namba hutangulia, na kitufe kinachofuata ndicho kinachosema namba hiyo ni ya kuongeza au ya kupunguza. Simu na kikokotoo cha mfukoni havifanyi hivyo. Kwenye simu, ukitaka kutoa 12,000 na 7,500 kwenye 50,000, unabonyeza 50,000 − 12,000 − 7,500 = na kupata 30,500. Ukibonyeza vivyo hivyo kwenye mashine ya +=, utakuwa umeiambia kwamba 50,000 ni ya kupunguza, 12,000 ni ya kupunguza, na 7,500 ni ya kuongeza. Itakuandikia −54,500. Njia yake ni 50,000 +=, kisha 12,000 −=, kisha 7,500 −=, ndipo ubonyeze kitufe cha nyota kuita jumla.

Kosa hili lina maisha marefu kwa sababu halijitokezi kwenye kujumlisha. Nane ongeza tatu ni kumi na moja kwa utaratibu wowote ule. Likija kwenye kutoa namba mbili tu, linajificha kwa namna nyingine: 50,000 − 12,000 = inatoka −38,000. Tarakimu ni sahihi, alama ndiyo iliyogeuka, na karani mgeni huamua kwamba mashine ina kasoro na kuendelea na kazi, akiipuuza ile alama ya kutoa. Siku atakapofika kwenye namba tatu, tarakimu zenyewe nazo zitakuwa zimeharibika, na kwa kuwa amezoea kuipuuza alama hatashtuka. Ndiyo maana nasema mtu yeyote anayekabidhiwa mashine hii aanze na hesabu ya kutoa, wala si ya kujumlisha. Kujumlisha hakumfundishi chochote kuihusu.

Utaratibu huo umetoka kwenye mashine za chuma. William Seward Burroughs, Mmarekani aliyewahi kuwa karani wa benki, alipata hataza ya mashine yake ya kujumlisha mwaka 1888. Mtumiaji alipanga namba kwa vitufe, kisha akavuta mkono wa pembeni. Mvuto ule ndio ulioipeleka namba kwenye jumla na kuichapa kwenye karatasi. Kwa hiyo tendo lisingeweza kutangulia namba. Wahasibu wakaizoea lugha hiyo, wakafundishana, na viwanda vilivyokuja baadaye havikuthubutu kuibadilisha mikononi mwao. Vivyo hivyo kwa mpangilio wa vitufe kumi wenye 7, 8 na 9 juu: ulikuwepo kwenye mashine ya Sundstrand ya Rockford, Illinois, mnamo 1914, na leo upo upande wa kulia wa kibodi ya kompyuta. Hata kichapishi kidogo cha EP-101, kilichotengenezwa Japani mwaka 1968 na kampuni ambayo leo inaitwa Epson, na ambacho kiliwezesha mashine za kielektroniki za mezani kuchapa, kilikuja kuihudumia lugha hiyohiyo ya namba kwanza, alama baadaye.

Siku hizi mashine nyingine zina kitufe cha = kinachojitegemea na zinafuata utaratibu wa simu. Aina zote mbili zinauzwa, wakati mwingine kwa jina la kiwanda kilekile, na kwa mbali zinafanana. Ofisi inayonunua mashine mpya bila kuangalia vitufe vya kujumlisha na kutoa inaweza kujikuta na lugha mbili kwenye meza moja.

Sasa tuje kwenye swichi zinazoonekana. Ya kwanza ni ya nukta. Kwa kawaida ina nafasi zilizoandikwa F, kisha namba kama 0, 2, 3, 4 au 6, na mwishoni A. Kwenye mashine nyingine mahali pa A pameandikwa ADD2, na nyingine zimeweka alama ya + peke yake. Nafasi ya F inaiacha nukta ikae popote hesabu itakapoipeleka: 10 gawa kwa 3 itajaza kioo chote kwa tatu. Namba zinaamuru jibu lichapwe na nafasi ngapi baada ya nukta. Mfanyabiashara wa Tanzania, ambaye senti hazionekani tena dukani kwake, anatosheka na 0. Mwenye ankara za Kenya zenye senti, au za dola, ataweka 2. Anayefanya hesabu za Muscat atahitaji 3, kwa kuwa rial moja ya Oman ina baisa 1,000, na mashine iliyowekwa kwenye 2 itammezea baisa za mwisho kila mara bila kumwambia.

Nafasi ya A ndiyo inayostahili hofu, na kwa nchi zetu nadhani ndiyo swichi hatari kuliko zote. Ilibuniwa kwa ajili ya watu ambao kila namba yao ina senti. Karani mwenye hundi za dola 12.75, 8.40 na 103.00 anachoka kubonyeza nukta siku nzima. Akiweka A, anabonyeza 1275, 840 na 10300, na mashine yenyewe inaiweka nukta kabla ya tarakimu mbili za mwisho. Kwake yeye ni neema. Kwa mwenye duka wa Morogoro anayebonyeza 1500 akimaanisha shilingi elfu moja na mia tano, mashine inapokea shilingi kumi na tano.

Kama kosa hilo lingekuwa la namba zote, lisingeleta madhara makubwa. Jumla yote ingetoka moja ya mia ya kawaida, na mtu yeyote anayejua mauzo ya siku angeshtuka. Shida ni kwamba kwenye mashine nyingi nafasi ya A inafanya kazi kwenye kujumlisha na kutoa tu. Ukibonyeza kuzidisha, kugawanya, au kitufe cha nukta chenyewe, inajiweka kando kwa hesabu hiyo. Basi chukua ankara ya kawaida: mifuko mitatu ya bidhaa ya shilingi 1,500, kisha usafiri shilingi 2,000. Tatu mara 1,500 inatoka 4,500.00, sahihi kabisa. Ukaiingiza kwenye jumla, kisha ukabonyeza 2000 +=, usafiri unaingia kama 20.00. Jumla inasomeka 4,520.00 badala ya 6,500. Namba hiyo haishtui mtu. Ina ukubwa unaoaminika, imekaa vizuri kwenye karatasi, na sehemu yake kubwa ni ya kweli. Kwenye utepe ushahidi upo, 20.00 imeandikwa wazi, lakini jicho lililozoea kuona .00 mwishoni mwa kila mstari linasoma ishirini na kuona elfu mbili.

Ningekuwa na mamlaka juu ya ofisi inayofanya kazi kwa shilingi nzima, swichi ya nukta ningeibandika gundi ya karatasi isiweze kusogea hadi A. Hakuna hesabu ya shilingi nzima inayoihitaji nafasi hiyo, na watu hubonyeza pembeni mwa swichi wanapofuta vumbi.

Pembeni ya swichi ya nukta kuna ile ya kukadiria, iliyowatenganisha makarani wetu. Ina nafasi tatu. Mshale wa juu, au neno UP, unapandisha jibu kila kinapobaki kipande chochote, hata kiwe kidogo vipi. Mshale wa chini, au neno CUT, unakata na kutupa. Ile ya 5/4 inafuata tulichofundishwa shuleni: tarakimu inayotupwa ikiwa tano au zaidi inapandisha, nne kushuka chini inaachwa. Swichi hii inafanya kazi pale tu nukta imewekewa idadi. Ukiwa kwenye F kwa kawaida haina la kufanya. Na kwa kuwa kujumlisha shilingi nzima hakuzalishi vipande, athari yake huonekana kwenye kuzidisha, kugawanya na asilimia, yaani palepale penye kodi, riba, punguzo na mgao.

Watu huidharau kwa kuwa inachezea senti. Lakini senti zake haziendi ovyo. Zinaenda upande mmoja. Mshale wa juu ukiachwa kwenye mashine ya kukokotoa makato ya mishahara, kila mfanyakazi anakatwa kidogo zaidi ya anachodaiwa, kila mwezi, na hakuna mwezi utakaokuja kumrudishia. Mshale wa chini kwenye mashine ya anayekusanya michango unaacha pengo dogo ambalo halizibiki. Nafasi ya 5/4 angalau inapoteza upande huu na kupata upande ule. Hata hivyo haiwezi kutatua tofauti ya 661.50 na 663, kwa sababu hiyo inatokana na mahali ulipokadiria: kila mstari, au mwisho wa ankara. Hapo mashine haina neno. Ni ofisi inayopaswa kuamua, kuandika uamuzi wake, na kuufuata kwenye kila ankara. Tofauti ya shilingi moja na nusu kwenye ankara tatu si pesa. Kwenye leja isiyofunga, inakula jioni nzima ya watu wawili wanaotafuta namba ambayo haijapotea.

Vitufe vya TAX+ na TAX− vina siri yao ya peke yake: vinabeba kiwango ambacho hakionekani mpaka ukiulize. Kiwango huingizwa mara moja, kwa kitufe cha SET au kwa kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa kulingana na mashine, na baada ya hapo kinakaa humo, kwenye mashine nyingi hata ukizima. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 15 Zanzibar, 16 Kenya. Mfanyabiashara anayehamisha mashine kutoka tawi la Unguja kwenda tawi la Dar es Salaam anahamisha na kiwango chake. Na viwango hubadilika. Kenya ilishusha kodi hiyo kutoka 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Mashine iliyowekwa 14 na kusahauliwa ingeendelea kuandika 11,400 kwa bidhaa ya 10,000 badala ya 11,600, na tofauti hiyo ya 200 ingetoka mfukoni mwa muuzaji, kwa kuwa mamlaka ya kodi haijali mashine yako iliwekwaje.

Kitufe cha TAX− kimefanyiwa dhuluma kubwa zaidi, ya kutotumika. Watu wengi wakitaka kutoa kodi kwenye bei iliyokwisha kuijumuisha, wanabonyeza kutoa asilimia 18. Bei ya 118,000 inakuwa 96,760, na kodi inaonekana 21,240. Si kweli. Asilimia 18 ilitozwa juu ya bei ya kabla ya kodi, si juu ya 118,000. TAX− inagawanya kwa 1.18 na kurudisha 100,000, kodi 18,000. Tofauti ya 3,240 kwenye risiti moja tu! Nimeona kosa hili likitetewa na watu wenye elimu ya kutosha, na naelewa kwa nini: asilimia 18 kwenda na asilimia 18 kurudi inasikika kama njia moja. Bonyeza 100 TAX+, upate 118, kisha bonyeza 118 TAX−. Mashine inajieleza yenyewe kuliko mwalimu.

Ndugu wa kosa hilo yuko kwenye faida. Mashine za biashara zina vitufe vitatu vinavyoshirikiana: gharama, bei ya kuuzia, na kiwango cha faida, vikiandikwa COST, SELL na MGN au MAR. Ukiingiza gharama ya 8,000 na faida ya asilimia 20, mashine itakupa bei ya 10,000. Mwenye duka anayetegemea 9,600 atadhani imekosea. Haijakosea. Vitufe hivi hupima faida kama sehemu ya bei ya kuuzia: 2,000 ni asilimia 20 ya 10,000. Yeye alikuwa anapima faida kama nyongeza juu ya gharama: 1,600 ni asilimia 20 ya 8,000. Njia zote mbili ni halali na zina watu wake, lakini washirika wawili wa duka moja, mmoja akitumia hii na mwingine ile, watakuwa wanasema “tunaweka ishirini” na kupishana shilingi 400 kwa kila bidhaa yenye gharama ya 8,000.

Vitufe vya kumbukumbu havihitaji maneno mengi. M+ na M− vinaweka akiba namba pembeni, na alama ya almasi au ya nyota karibu na M inaiita, almasi ikiiacha humo na nyota ikiiondoa. Tofauti hiyohiyo ya almasi na nyota ipo kwenye jumla ya kawaida. Almasi ni jumla ndogo, inayokuonyesha umefika wapi bila kufuta kitu. Nyota ni jumla ya mwisho, na inafunga. Swichi ya K, palipo nayo, inashikilia namba isiyobadilika ili usiirudie: 2,800 kwa kilo mara 12, kisha 15 na = tu, kisha 7.5 na =. Kwenye kuzidisha kinachoshikiliwa ni namba ya kwanza, kwenye kugawanya ni ya pili, na nadhani kila aliyekosea hapo amekosea mara moja tu.

GT ndiyo inayodai uangalifu. Ikiwashwa, kila jumla unayoifunga inakusanywa mahali pengine, tayari kwa jumla kuu ya mwisho. Kwa mwenye vocha za idara tano ni msaada mkubwa: unafunga idara moja moja, kisha unaita zote. Lakini kilichokusanywa hakiondoki kwa kufuta kioo. Aliyekaa kwenye mashine kabla yako akiacha 340,000 humo, jumla kuu yako itakuwa imezidi kwa 340,000, na ukijumlisha upya idara zako tano kwa mkono utaziona ziko sawa. Utepe wako wote ni sahihi isipokuwa mstari wa mwisho, na kilichouharibu hakimo kwenye utepe wako bali kwenye wa mwenzako, ulioko kwenye pipa la taka.

Kuna swichi moja ambayo naiona haithaminiwi kabisa, nayo ni ile inayotoka P kwenda P·IC. Nafasi ya P inachapa; nafasi ya pili inachapa na kuhesabu idadi ya namba ulizoingiza, kisha inaandika idadi hiyo pamoja na jumla. Una vocha 48 mezani, mashine inasema 47: umeruka moja, au mbili zilishikana. Mashine inasema 49: moja imeingia mara mbili. Kosa la kuruka vocha ni la kawaida, na ni swichi hii tu inayolikamata papo hapo. Iangalie namna inavyohesabu kutoa, kwa sababu baadhi ya mashine hupunguza idadi kwa moja kila unapobonyeza kitufe cha kutoa, jambo ambalo kwa kweli ni la busara: ukifuta vocha uliyoingiza kimakosa, idadi nayo inajirekebisha.

Kufuta huko kuna adabu yake. Ukikosea kabla ya kubonyeza alama, CE inaondoa namba na hakuna kilichochapwa. Ukishabonyeza alama, namba imekwisha kuingia, na njia safi ni kuibonyeza tena kwa −=. Kosa na masahihisho yake yote mawili yanabaki kwenye karatasi, yakifuatana, na anayekagua anaelewa. Wapo wanaochana utepe na kuanza upya ili uonekane msafi. Mimi nauamini zaidi utepe wenye masahihisho kuliko ule uliotoka bila doa kwenye vocha mia mbili.

Karatasi nayo si shahidi asiyechoka. Roli zake ni za milimita 57 au 58 za upana, na mashine nyingi zinachapa kwa wino wa rangi mbili: nyeusi kwa kawaida, nyekundu kwa namba hasi. Nyekundu hutumika kidogo, hivyo hukaa muda mrefu na kukauka bila kugundulika, na ndiyo inayobeba marejesho, punguzo na upungufu. Mistari myekundu ikianza kufifia, badilisha kiviringisho cha wino; usisubiri nyeusi iishe. Nakala ya fotokopi inaua rangi, na kinachobaki kutofautisha hasi na chanya ni kistari kidogo kando ya namba. Mashine zinazochapa kwa joto hazina shida ya wino, ila karatasi yake hufifia kwenye joto na mwanga, na kabati la mabati Tanga au Mombasa si mahali pa kuiweka miaka. Tena, kwa Tanzania, utepe huu hauwezi kushika nafasi ya risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) ambayo sheria inaidai; ni karatasi ya kazi ya ndani, hata ikibanwa vizuri namna gani kwenye bidhaa.

Basi utepe unawezaje kulazimishwa useme kuhusu swichi? Kwa kuiuliza mashine maswali ambayo majibu yake yanategemea swichi hizo, na kuacha majibu yachapwe juu kabla ya hesabu kuanza. Kwanza futa kila kitu, kisha bonyeza nyota, uite kumbukumbu, na uite GT: zote zichapwe sifuri. Bonyeza 150 +=; ikitoka 1.50, uko kwenye A. Ifute. Gawanya 2 kwa 3, kisha 1 kwa 3. Nukta ikiwa kwenye 2, majibu 0.67 na 0.33 ni 5/4, 0.67 na 0.34 ni mshale wa juu, 0.66 na 0.33 ni mshale wa chini. Nukta ikiwa kwenye 0, jozi hizo ni 1 na 0, 1 na 1, 0 na 0. Swali la 2 kwa 3 peke yake halitoshi, kwa kuwa 5/4 na mshale wa juu hulijibu sawa. Kisha 100 TAX+, na kiwango cha kodi kinajitaja. Mwishowe andika tarehe na namba ya kundi la vocha, na ubonyeze kitufe cha #, ambacho kinachapa namba bila kuiingiza kwenye hesabu. Futa tena, nyota ichapwe sifuri, ndipo uchukue vocha ya kwanza. Kipande hicho cha karatasi kisikatwe: kikunjwe pamoja na hesabu na kubanwa kwenye vocha zake, ili mkaguzi aanze kusoma kutoka kwenye zile sifuri.